Kulungu wa Catalina na Deni la Aliyewaleta

Leo twapenda kuzungumza juu ya mnyama ambaye wengi katika wasomaji wetu hawajapata kumwona, wala pengine hawatamwona. Twafanya hivyo kwa sababu ugomvi uliozuka juu yake katika kisiwa kimoja cha Marekani ni wa namna ambayo kila mtu wa kisiwani, na kila ofisa aliyekabidhiwa kisiwa, ataufahamu bila ya kufafanuliwa sana. Ni ugomvi wa kuuliza: mnyama aliyeletwa na serikali, akazidi, akawa anakula kile kisichopatikana popote pengine duniani, ni wa nani, na ni nani mwenye haki ya kumwondoa?

Mnyama mwenyewe ni kulungu wa magharibi ya Amerika ya Kaskazini, ambaye kwa ajili ya masikio yake marefu Wamarekani wamempa jina la baghala. Nasi tutamwita kulungu-baghala. Jina la kulungu tumeliazima tu, kwani huyu si kulungu wa mapori ya Afrika wala si jamaa wa paa wa misitu yetu. Paa huota pembe na kufa nazo. Lakini dume la jamii hii huangusha pembe zake zenye matawi kila mwaka wakati wa baridi, kisha likaota nyingine mpya. Pembe hizo ndizo zinazomtoa mwindaji mjini na kumpandisha milimani siku kadhaa, na ndizo, kama itakavyoonekana hapa chini, zinazoivuruga hesabu.

Kisiwa tunachokisema ni Santa Catalina, kilichoko baharini kiasi cha kilomita 35 kutoka pwani ya California, mbele ya mji mkubwa wa Los Angeles. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 194, yaani karibu thumni ya Unguja, na wakazi wake ni kiasi cha 4,000, wengi wao katika mji mdogo wa Avalon. Mwaka 1919 kisiwa kilinunuliwa na William Wrigley, tajiri wa ubani wa kutafuna. Na mwaka 1972 liliundwa shirika la uhifadhi ambalo leo linamiliki karibu sehemu tisa katika kumi za ardhi yote. Hakuna puma huko, hakuna mbwa mwitu. Mnyama mla nyama mkubwa kabisa wa asili juu ya ardhi yake ni mbweha mdogo asiyezidi sana uzito wa paka wa nyumbani.

Katika nchi hiyo isiyokuwa na adui, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa ile ya 1930, waliteremshwa kulungu-baghala kutoka bara. Walioleta walikuwa na nia njema kwa mujibu wa fikira za wakati wao: wananchi wapate mahali pa kuwinda. Hatuwalaumu kwa nia. Nasi katika visiwa hivi tunaishi na kunguru aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka za mji. Akala takataka, kisha akageukia mayai na makinda ya ndege wengine, na mpaka leo yupo juu ya mapaa yetu akitutazama. Aliyemleta naye alikuwa na nia njema.

Kulungu jike aliyeshiba huzaa pacha mara nyingi, na huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka miwili tu. Kundi lenye malisho mazuri, lisilo na wa kuliwinda, halihitaji muda mrefu kuwa kubwa maradufu. Kisha huja mwaka wa ukame. Majani yakakauka, kulungu wakadhoofu, wengine wakafa porini, wengine wakateremka mjini kula maua ya bustani na kunywa maji ya watu. Mvua ikirudi, nao huongezeka tena. Basi idadi yao hupanda na kushuka kama maji ya bahari, lakini ardhi hairudi ilivyokuwa kila wanaposhuka.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mimea ya kisiwa iliyokaa maelfu ya miaka bila ya mnyama wa kwato haikujifunza kujikinga. Haina miiba ya kutosha, wala haina uchungu wa kutosha mdomoni. Catalina ina mti mmoja mdogo wa jamii ya waridi, ambao wataalamu huuita Cercocarpus traskiae, usioota mahali pengine popote juu ya uso wa dunia. Miti mikubwa halisi iliyopatikana ilipohesabiwa haikufika kumi, na ikabidi izungushiwe ua. Mbuzi na nguruwe, ambao nao waliletwa, waliondolewa kwa maelfu tangu miaka ya 1990, na vichaka vikaanza kupumua. Lakini kulungu walibaki. Mwezi wa Mei 2007 moto uliunguza kiasi cha hekta 1,900. Vichaka vya California vimezoea moto: shina huungua, mzizi huchipua. Safari hii chipukizi zilipotoka zilikuta kinywa kinazingojea. Mzizi uliochipua mara ya kwanza, ya pili na ya tatu na kila mara ukaliwa, mwisho hufa. Na mahali pake huota majani ya kigeni yanayokauka mapema kiangazi na kushika moto kwa cheche ndogo. Kwa hivyo hata anayejali nyumba yake tu, asiyejali mti, ana sababu ya kuliangalia suala hili.

Itaulizwa: je, si wawindaji wapo? Wapo, na kwa miaka mingi leseni zilitolewa kila msimu katika kisiwa hicho. Watu wakavuka kwa mashua, wakawinda, wakarudi na nyama. Kulungu hawakwisha. Sababu si kwamba wawindaji ni wavivu. Sababu ni kwamba kuwinda na kupunguza ni kazi mbili mbalimbali, na serikali nyingi zimepata hasara kwa kuzichanganya. Mwindaji wa starehe hutaka dume lenye pembe kubwa. Dume mmoja hupanda majike wengi. Ukiua madume kumi, yule wa kumi na moja atafanya kazi ya wote, na mwakani watoto watazaliwa vile vile. Anayetaka kupunguza kundi hana budi kuua majike, kwa wingi, mwaka hata mwaka, hata katika mabonde ya mbali ambayo hakuna mtu anayefurahia kushuka na bunduki na kupanda na mzoga mgongoni. Tena mwindaji mwema hapendi kundi liishe, kwani mwakani atakuja kuwinda nini?

Wala si haki kumdharau mwindaji. Huko Marekani, tangu sheria ya mwaka 1937 iliyotenga kodi ya bunduki na risasi kwa ajili ya wanyamapori, yeye ndiye anayelipa sehemu kubwa ya gharama za idara za wanyama za majimbo, pamoja na ada ya leseni anayokata. Maofisa wanamsikiliza, na wana haki ya kumsikiliza. Lakini idara inayoishi kwa ada ya leseni itakuwa na uzito fulani wa ulimi itakapotakiwa kusema kwamba mahali fulani mnyama anayelipiwa leseni asiwepo kabisa.

Mwaka 2023 shirika la uhifadhi la Catalina lilitangaza azma ya kuwaondoa kulungu wote, na katika njia zilizotajwa ilikuwemo ya kuwapiga risasi kutoka kwenye helikopta. Kisiwa kilichemka. Maelfu ya watu walitia saini kupinga. Mwaka 2024 baraza linalotawala wilaya ya Los Angeles lilitoa kauli ya kutokubaliana na mpango huo, na katika mwaka huo huo shirika likaiacha njia ya helikopta, bila ya kuacha nia yenyewe. Jambo likaendelea mbele ya idara ya wanyamapori ya jimbo, kwa sababu kwa sheria za huko ardhi ni ya mwenye ardhi lakini mnyama wa porini ni amana ya wananchi mikononi mwa serikali ya jimbo. Mwenye shamba hawezi kumwua kulungu anayemla shamba bila ya kibali cha yule aliyemleta!

Tumejaribu kuyapima maneno ya wakazi kwa uadilifu. Wapo waliosema kwamba kulungu wameshakaa kisiwani umri wa binadamu na zaidi. Wazee wa leo waliwakuta, na watoto huwahesabu jioni wanaposhuka kunywa. Kwa mtu wa namna hiyo kumwambia kwamba mnyama huyu ni mgeni ni kama kumwambia kwamba nyumba aliyozaliwa si yake. Wapo waliouliza kwa nini wasiongezewe leseni wao wenyewe kabla ya kuletwa wapigaji wa kulipwa. Na wapo waliouliza swali ambalo sisi twaliona kuwa ndilo bora kuliko yote: wako wangapi? Makadirio yalipishana kuanzia mamia kadhaa mpaka karibu 2,000. Mtu anayeambiwa aridhie kuondolewa kwa kitu ana haki ya kuambiwa kwanza kipo kiasi gani, na ilijulikanaje.

Kwa upande wetu twasema wazi kwamba mti uliobaki shina chache duniani una haki mbele ya mnyama ambaye jamaa zake wamejaa kutoka Kanada mpaka Meksiko. Kulungu-baghala akitoka Catalina hatatoweka katika dunia. Mti ule ukitoka Catalina hatuna pa kuufuata. Lakini twasema pia kwamba kutangaza helikopta kwanza na kutafuta maelewano baadaye ni kuuza kesi nzuri kwa bei ya chini. Watu wa kisiwani hawapendi kusikia habari za kisiwa chao kama abiria wanavyotangaziwa kwamba meli imebadili safari.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni mapya. Kusini ya nchi hiyo, katika jimbo la Arizona, iko nyanda ya juu iitwayo Kaibab, iliyozungukwa na mabonde makuu hata ikawa kama kisiwa cha nchi kavu. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliifanya hifadhi ya wanyama wa kuwindwa. Uwindaji wa kulungu ukapigwa marufuku, na serikali ikaajiri watu wa kuwaua puma, mbwa mwitu na wengineo wanaokula kulungu, wakauawa mamia na maelfu. Kulungu-baghala wakazidi mno. Ilipofika mwaka 1924 wako waliosema ni 30,000 na wako waliosema ni 100,000. Na mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya tarakimu hizo, kwa sababu hapakuwa na hesabu ya kuaminika tangu mwanzo. Lisilobishaniwa ni kwamba miti ililiwa mpaka mahali anapofika kulungu aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na kwamba katika majira ya baridi yaliyofuata wanyama walikufa kwa njaa kwa maelfu.

Kiroja kilichotokea hapo kinafaa kuelezwa. Desemba 1924 ulifanywa msako wa kuwaswaga maelfu ya kulungu kama mbuzi, wateremke bondeni Grand Canyon, wavuke mto na kupandia upande wa pili penye nafasi. Walikusanywa watu kwa miguu na kwa farasi, wengine wakigonga kengele za ng'ombe. Ilianguka theluji, na kulungu wakapenya baina ya watu wakarudi walikotoka. Hakuvuka hata mmoja. Twalitaja hili kwa ajili ya wale ambao, kila linapozuka suala la wanyama waliozidi, husema kwa wepesi kwamba wahamishwe tu. Kulungu si mzigo wa mkaa. Akishikwa hutaharuki, na wengi katika wanaohamishwa hufa njiani au baada ya kufika. Tena tangu ulipogunduliwa mwaka 1967 katika jimbo la Colorado ule ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu mpaka wakafa, na usio na dawa, majimbo mengi yameweka masharti makali juu ya kumsafirisha kulungu aliye hai.

Katika Kaibab hiyo hiyo serikali kuu ilipoamua kuwapunguza kulungu ili kuiokoa misitu yake, jimbo la Arizona lilisema sheria za uwindaji ni zake, na waliowaua wakakamatwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1928 ikaamua kwamba serikali kuu inayo haki ya kuilinda ardhi yake isiharibiwe na kulungu, hata kama sheria ya jimbo inakataza. Maofisa wetu wa sheria wataona kwamba swali la Catalina, la mwenye ardhi na mwenye mnyama, lina umri wa karibu miaka mia moja, na kwamba lilipelekwa mahakamani baada ya misitu kuliwa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa kisiwa cha Santa Rosa, kilichoko katika bahari hiyo hiyo upande wa kaskazini magharibi, nacho ni kikubwa kidogo kuliko Catalina. Huko wafugaji wa ng'ombe walileta kulungu-baghala pamoja na kulungu wakubwa zaidi waitwao elk, na baadaye wakawa wakiwatoza wageni fedha ili waje kuwinda. Mwaka 1986 serikali ilikinunua kisiwa kwa karibu dola milioni 30 kiwe sehemu ya hifadhi ya taifa, lakini wanyama na uwindaji vikaendelea. Walalamikaji wakaenda mahakamani, na mwaka 1998 pakafikiwa maafikiano: ng'ombe watoke mara moja, na kulungu na elk wapunguzwe kwa awamu, wamalizike ifikapo mwisho wa 2011. Miaka kumi na tatu! Mwaka 2006 mbunge mmoja akapenyeza kifungu katika sheria ya ulinzi ili wanyama wale wabakizwe, wanajeshi walioumia vitani wapate kuwinda. Mwaka uliofuata Bunge likakifuta. Tarehe iliyoandikwa ikatimizwa.

Tena Santa Rosa inatufundisha kwamba mnyama mmoja aliyeingizwa huvuta wengine kwa kamba isiyoonekana. Ndama wa kulungu na mizoga yao, pamoja na nguruwe wa kisiwa jirani, waliwapa chakula tai wa dhahabu ambao zamani hawakuwa wakikaa huko. Tai wakishakaa hula na kingine. Wakawala mbweha wadogo wa kisiwa, hata ilipofika mwaka 2000 walibaki kiasi cha 15 tu Santa Rosa nzima. Ilibidi washikwe wote na kuzalishwa katika vizimba, na tai wahamishwe. Mwaka 2016 mbweha hao waliondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Ni nani aliyekuwa akifikiri, siku kulungu wa kwanza aliposhushwa ufukweni, kwamba anamwandikia mbweha hati ya kifo?

Tungependa isieleweke kwamba kila mahali shida ya kulungu-baghala ni wingi. Bara, katika nchi yake ya asili, shida ni kinyume chake. Jimbo la Wyoming ndilo lenye misafara yao mikubwa; wako kulungu huko wanaotembea kiasi cha kilomita 240 kutoka jangwani mpaka milimani, njia iliyokuja kujulikana na wataalamu katika miaka ya 2010 tu, ijapokuwa kulungu waliijua siku zote. Barabara, nyua za waya na visima vya gesi vinaikata njia hiyo. Kisha yalikuja majira ya baridi ya 2022 na 2023, theluji ikawa nzito ikagandamana, na katika kundi moja mashuhuri magharibi ya jimbo zaidi ya nusu ya majike waliovalishwa mikanda ya redio walikufa, na watoto wa mwaka ule karibu wote wakaangamia. Idara ikapunguza leseni, na wawindaji wengi wakaliafiki jambo hilo. Mnyama yule yule ambaye kisiwani anatakiwa atoke, bara watu wanalia akipungua. Na ofisa anayeandika kanuni moja kwa pahala pote pawili atakosea mahali pamoja kwa yakini.

Basi tunawaambia wakuu wenye kutia saini vibali, wa huko na wa kwetu: anapotaka kuingizwa mnyama kisiwani, awe wa kuwindwa, wa kufugwa au wa kupendezesha macho ya wageni, hati ya kibali iandikwe ndani yake ni nani atakayemhesabu, kila baada ya muda gani, akifika idadi gani apunguzwe, na fedha za kazi hiyo zitatoka fungu gani. Hesabu hiyo ibandikwe mahali ambapo mvuvi na mkulima wanaweza kuisoma. Na wawepo katika kuhesabu watu wa kijiji chenyewe, kwani wao ndio wanaojua mnyama hulala wapi na hunywa wapi, na mtu haikatai kwa wepesi hesabu aliyoihesabu mwenyewe.

Limebaki suala la nyama, ambalo katika mijadala ya namna hii huachwa mwisho kana kwamba ni aibu kulitaja. Kulungu-baghala mzima hutoa kilo nyingi za nyama safi. Wakazi wa Catalina waliokuwa wakijaza majokofu yao kila msimu watakapoona mizoga inaachwa mabondeni ioze, hakuna hotuba ya mtaalamu itakayowaridhisha. Ikiwa serikali imeamua kwamba wauawe, basi iweke mashua, barafu na mchinjaji, na nyama iteremshwe gatini Avalon igawiwe kwa wenye kuitaka, kabla ya kuwekwa kwa ajili ya mtu mwingine yeyote.